UTARATIBU WA KUOMBA NAFASI YA MASOMO YA SHAHADA YA FAMASIA
Maelezo kwa wanafunzi, wazee na watumishi wa Serikali

Kila mara matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, wazee wengi wa Unguja na Pemba hufika maskulini na maofisini kuuliza namna kijana anavyoweza kupata nafasi ya kusomea ufamasia. Baadhi yao hufika wakati muda wa maombi umekwishapita, na kijana hulazimika kukaa nyumbani mwaka mzima. Maelezo haya yanawahusu wao, na pia watumishi wa sekta ya afya wenye Stashahada wanaokusudia kujiendeleza.

Ifahamike kwanza kwamba safari hii haianzii Chuo Kikuu. Inaanzia pale mwanafunzi wa sekondari anapochagua masomo yake. Vyuo huangalia Kemia, Baiolojia na Fizikia, na Kemia ndiyo uti wa mgongo wa fani yenyewe. Mwanafunzi aliyeiacha Kemia kwa kuiona nzito hana njia ya mkato ya kuirudia baadaye.

Kwa upande wa Tanzania, mafunzo ya Shahada ya Famasia yalianza Muhimbili mwaka 1974, wakati huo ikiwa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muhimbili ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na ikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 2007. Shahada hiyo hutolewa pia Bugando, Mwanza, na katika Chuo Kikuu cha St. John's, Dodoma, miongoni mwa vingine. Masomo huchukua miaka 4. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Nairobi ajitayarishe kwa miaka 5.

Katika kuhesabu sifa za mwombaji wa Kidato cha Sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Alama ya S ina nusu pointi lakini haihesabiwi kuwa ni ufaulu kamili wa somo. Hivyo aliyepata C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia ana pointi 6. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walitumia mpangilio mwengine wa alama, nao husomewa kwa mpangilio wao. Kiwango cha kila chuo kimo katika kitabu cha mwongozo kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na ni vyema kusoma kitabu cha mwaka husika badala ya kutegemea kilichosemwa na aliyedahiliwa zamani. Kutimiza kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi ni chache na hupewa wenye alama za juu zaidi.

Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, badala ya mfumo wa pamoja wa Tume uliokuwa ukitumika kabla. Anaweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja, hutumiwa namba ya siri kwa simu ili athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa. Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Hujaziwa fomu dukani, ikaandikwa namba ya simu ya mwenye duka, na ujumbe ukifika hakuna wa kuupokea. Namba iwe ya mwombaji mwenyewe, na simu isizimwe.

Jambo jengine linalowasumbua Wazanzibari ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Juma Haji, cheti cha Kidato cha Nne kinasema Hamisi Juma, na kitambulisho kina jina la tatu la babu mwengine. Kwa mtaa mzima huyo ni mtu mmoja. Kwa chuo ni watu watatu. Tofauti ya namna hiyo hurekebishwa kwa hati ya kiapo au kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kazi hiyo haifai kungojea wiki ya mwisho. Wazee wanashauriwa kuyakagua majina tangu mtoto anaposajiliwa kwa mtihani.

Waliosoma nje, wakiwemo vijana waliorejea kutoka Oman na nchi nyengine za Ghuba, wanatakiwa kupata kwanza ulinganisho wa vyeti vyao vya sekondari kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania.

Mwenye Stashahada ya Sayansi ya Dawa huomba kwa wastani wa masomo yake pamoja na ufaulu wa Kidato cha Nne. Anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Ikiwa ni mtumishi wa umma, barua ya kuomba ruhusa ya masomo ipitie kwa mkuu wake wa kazi kabla ya kuondoka. Barua ya chuo peke yake haimpi ruhusa ya kuacha kituo, na kituo kidogo chenye mtoa dawa mmoja hakiwezi kufungwa dirisha kwa sababu yake.

Maombi ya mkopo ni kazi mbali na maombi ya chuo. Wazanzibari huyapeleka katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2011, na kudahiliwa chuoni hakumaanishi kwamba mkopo umepatikana.

Anayehitimu hutumikia mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Kabla ya kusajiliwa mwenyewe haruhusiwi kusimamia duka la dawa, hata kama duka hilo ni la baba yake.