Hesabu za Duka la Tegeta na Siri ya Wahindi wa Kompyuta

Jioni, foleni ya Barabara ya Bagamoyo inapoanza kukaza, duka moja la vifaa vya ujenzi Tegeta linafunga hesabu za siku. Mifuko ya saruji iliyoteremshwa kutoka kiwanda cha jirani cha Wazo Hill imeshaondoka na maguta na Kirikuu. Nondo zimeingizwa ndani. Karani anakaa mbele ya kompyuta, anafungua programu ya hesabu ya Tally, anaingiza risiti moja baada ya nyingine mpaka mzigo uliobaki stoo ulingane na fedha iliyo kwenye droo. Karani ni Mtanzania, mwenye duka ni Mtanzania, saruji ni ya hapohapo. Programu imetoka Bengaluru, kusini mwa India.

Makarani na wahasibu wa Dar es Salaam wanaifahamu vizuri. Matangazo mengi ya kazi huweka kuijua Tally kuwa sharti. Ilianza mwaka 1986. Shyam Sundar Goenka, mfanyabiashara aliyekuwa akiviuzia viwanda malighafi na vipuri, alikosa programu ya kuendeshea hesabu zake, akamwambia mwanawe Bharat, aliyesomea hisabati, amtengenezee.

Kilichoanzia kwenye biashara ya baba na mwana ni sehemu ndogo ya jambo kubwa. Microsoft inaongozwa na Satya Nadella tangu 2014, Google na Sundar Pichai tangu 2015, IBM na Arvind Krishna tangu 2020. Wote watatu walizaliwa India na kupata shahada zao za kwanza hukohuko. Chini yao kuna maelfu kwa maelfu ya wahandisi wa kawaida.

Kwa nini wao? Mitaani jibu ni jepesi: Wahindi wamezaliwa na kichwa cha hesabu. Lakini Dar es Salaam yenyewe inalikanusha. Familia za Kihindi za Kisutu, Upanga na Kariakoo, nyingi zenye asili ya Gujarat, ikiwemo Kutch, zimeishi hapa kwa vizazi. Zimejulikana kwa maduka, viwanda na hospitali, si kwa kutunga programu. Damu ni ileile, kazi ni nyingine, kwa sababu mazingira yalikuwa mengine. Maelezo ya kweli yako kwenye shule, sera na wakati.

Shule kwanza. Mwaka 1951, miaka minne tu baada ya uhuru, India ilifungua chuo chake cha kwanza cha teknolojia cha taifa, IIT, huko Kharagpur. Nchi ilikuwa maskini, na madarasa yalianzia kwenye majengo ya Hijli, kambi ambamo Waingereza waliwafungia wapigania uhuru. Vilifuata vyuo vya Bombay, Madras, Kanpur na Delhi, kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, Ujerumani Magharibi, Marekani na Uingereza. Leo IIT ziko 23. Mtihani wa awali wa kuingia hufanywa na zaidi ya vijana milioni moja kila mwaka, na nafasi hazifiki elfu ishirini. Kuna mji mzima, Kota, unaoishi kwa masomo ya ziada ya mtihani huo, na shinikizo lake limewaumiza vijana wengi. Ushindani huo una gharama, na haifai kuificha.

Ya pili ni milango iliyofunguka. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 iliondoa vizuizi vya zamani dhidi ya watu wa Asia, na mwaka 1990 ikaja viza ya H-1B ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu. Katika miaka ya karibuni Wahindi wamepata zaidi ya viza 70 katika kila 100 za aina hiyo. Kwa hiyo Mhindi anayeonekana California amechujwa mara mbili, kwanza na mtihani kwao, kisha na viza. Kumpima kila Mhindi kwa huyo mmoja ni kosa.

Ya tatu ni wakati. Mwaka 1991 serikali ya India ililegeza masharti ya uchumi, na kampuni za programu kama TCS na Infosys zikapata nafasi ya kupanuka. Muda mfupi baadaye dunia ikashikwa na hofu ya mwaka 2000, kwamba kompyuta zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili zingechanganyikiwa. Walihitajika watu wengi wa kupitia programu za zamani mstari kwa mstari, wanaojua Kiingereza na wasio ghali. India ilikuwa nao. Hata saa za dunia zilisaidia: San Francisco ikiwa saa 12 jioni, Bengaluru kumekucha. Mmarekani analala, kazi inaendelea.

Nayo Tanzania? Mpango wa India wa ITEC, ulioanza mwaka 1964, umewapeleka Watanzania wengi kwenye kozi fupi huko. Na mwaka 2023 mlango ulisogea karibu zaidi. Julai mwaka huo ulitiwa saini mkataba wa kuleta Zanzibar tawi la IIT Madras, chuo kilichojengwa kwa msaada wa Wajerumani mwaka 1959. Ni IIT ya kwanza nje ya India. Ilianza Bweleo, Unguja, kwa masomo ya sayansi ya data na akili bandia, chini ya Preeti Aghalayam, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi la IIT. Ada ya shahada ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 kwa mwaka, fedha ambayo familia nyingi za Tegeta haziwezi kuigusa bila ufadhili.

Hata ada ikipatikana, kuna kikwazo kinachotangulia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, watahiniwa waliofaulu hisabati walikuwa kama robo tu. Wengi walisoma msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari na kukuta hesabu zilezile kwa Kiingereza, darasa limejaa na mwalimu ni mmoja.

India ilianza na walimu na mitihani, ikangoja zaidi ya miaka arobaini kabla ya kuvuna. Serikali yetu nayo iajiri walimu wa hisabati na kuwabakiza shuleni. Mzazi naye, kabla ya kumnunulia mwanawe kompyuta mpakato, aanze leo jioni kwa kulifungua daftari lake la hesabu na kukaa naye.