Chagua Amplifaya kwa Kuanzia Kwenye Spika

Anayetaka kujiundia amplifaya nyumbani kwa kawaida huanza kwa kutafuta mchoro wa saketi. Huikuta mingi: wa transista nne, wa transista ishirini, wa aisii moja tu, na kila mmoja una watu wanaouapia. Ushauri wangu ni kwamba mchoro uwe uamuzi wa mwisho. Kwanza uijue spika yako, umeme utakaoutumia na joto unaloweza kuliondoa. Ukishavijua vitu hivyo vitatu, michoro mingi itajiengua yenyewe.

Tuanze na spika. Namba mbili ndizo za kutazama: omu, na usikivu wake, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja ukiipima umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 87 inahitaji wati mara nne ili ilie sawasawa na ya desibeli 93. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haimshtui mtu. Kwa hiyo anayehama kutoka amplifaya ya wati 30 kwenda ya wati 60 amelipia kingi na amesikia kidogo. Spika ya desibeli 90 ikilishwa wati 30 hukaribia desibeli 105 kwa mita moja. Kwa sebule ya kawaida, hapo majirani wameshaanza kugonga mlango.

Pili, umeme. Wati hazizaliwi ndani ya aisii. Zinatoka kwenye volti unazoilisha. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kilele cha volti kinachoweza kufika kwenye spika, kizidishe chenyewe, kisha ugawe kwa omu mara mbili. Kwa betri ya volti 12 na spika ya omu 8, saketi ya kawaida ina kilele cha volti 6: yaani 36 gawa kwa 16, wati 2.25. Saketi ya briji, inayoishika spika pande zote mbili, hufikisha kilele cha volti 12, nazo ni wati 9, kabla hujatoa hasara za ndani. Basi ukiona bodi ndogo ya volti 12 imeandikwa wati 200, na haina sehemu ya kupandisha volti kama ilivyo kwenye amplifaya kubwa za magari, jua maandishi hayo ni mapambo. Herufi PMPO kwenye maboksi ya redio nazo hazina kipimo kinachokubalika. Mwenye sola na betri ya volti 12 anafaa kutafuta aisii ya briji kama TDA7297, au bodi ya klasi D.

Tatu ni joto, na hapa ndipo klasi za amplifaya zinapotengana.

Klasi A ina wapenzi wake wa kudumu. Mwezi Aprili 1969 jarida la Uingereza, Wireless World, lilichapisha mchoro wa John Linsley Hood wa wati 10 uliotumia transista nne tu kwa kila upande. Hadi leo watu wanauunda, kwa sababu ni rahisi kuuelewa na sauti yake ni safi. Bei yake ni umeme. Kwa spika ya omu 8 unahitaji volti 27, na mkondo wa ampea 1.2 unapita muda wote, muziki uwepo usiwepo. Hizo ni wati 32 za joto kwa upande mmoja, zaidi ya 60 kwa stereo. Chumba cha Mombasa kikiwa nyuzi 32, hitisinki inayopanda nyuzi moja kwa kila wati itatulia kwenye nyuzi 64. Huwezi kuishika kwa mkono. Ukiutaka mchoro huu, nunua alumini kwanza, transista baadaye.

Klasi AB ndiyo iliyomo kwenye amplifaya nyingi za transista. Transista mbili za mwisho hupokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: huyu akiinua mchi, yule anashusha. Pokezano likiwa na pengo, sauti hukwaruza, hasa ikiwa ya chini. Dawa yake ni kuziachia transista zote mbili mkondo mdogo wa kutulia ili pasiwe na nafasi tupu kati yao. Umbo la hatua tatu linalotumika sana hadi leo lina mizizi kwenye kazi ya H. C. Lin wa kampuni ya RCA, mwaka 1956. Miaka ya 1990 Mwingereza Douglas Self alichambua chanzo kimoja kimoja cha upotoshaji wa sauti katika umbo hilo, akaonyesha kwamba saketi ya kawaida iliyopangwa kwa uangalifu inaweza kuwa safi mno.

Ugumu wa klasi AB uko kwenye ule mkondo wa kutulia. Transista ikipata joto, volti inayohitaji ili ifunguke hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi. Mkondo unapanda, joto linazidi, mkondo unapanda tena, na mwisho ni moshi. Ndiyo maana lazima pawe na transista ndogo inayofungwa kwenye hitisinki ileile ili ilipime joto na kuurudisha mkondo chini. Mchoro usioonyesha mahali pa kuifunga transista hiyo, au usiosema mkondo wa kutulia urekebishwe hadi kiasi gani, uache. Pia kuna tatizo la sokoni: transista kubwa zinazotafutwa sana, kama 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, ni miongoni mwa zinazoigizwa mno. Ya bandia hupita kipimo cha multimita mezani, kisha hufa siku ya kwanza ya kazi nzito.

Klasi D hufunga na kufungua transista mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na karibu asilimia 90 ya umeme hufika kwenye spika. Lakini kwa kasi hiyo, hata urefu wa njia za shaba kwenye bodi ni sehemu ya saketi. Usijaribu kuiunda kwa waya za kurukiana. Nunua bodi iliyokamilika, kwa mfano yenye TPA3116D2, kazi yako ibaki kwenye boksi na umeme.

Kwa anayejenga kwa mara ya kwanza na ana umeme wa gridi, mimi huchagua aisii ya LM3886. Ndani yake mkondo wa kutulia umeshapangwa, na kuna ulinzi dhidi ya joto na mkondo wa kupita kiasi. Ilishe kwa transfoma ya 18-0-18, upate takriban volti 25 chanya na 25 hasi. Kwa spika ya omu 8 utapata karibu wati 28, na aisii itatoa joto lisilozidi wati 16 hivi kwa upande. LM1875 ni ndogo na rahisi zaidi, ila mwisho wake ni jumla ya volti 60; umeme wa mtaani ukipanda, transfoma hiyohiyo inaweza kuisogeza ukingoni. LM3886 inavumilia jumla ya volti 84. Sharti moja usilivunje: kiwango cha kukuza kisiwe chini ya mara 10, la sivyo saketi itatetema kwa masafa usiyoyasikia, na aisii itaungua huku hujui sababu.

Kabla ya kuiamini, iwashe kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni salama. Iking'aa na kubaki hivyo, kuna shoti. Kisha pima volti mahali pa kuunga spika: makumi ya milivolti si neno, volti nzima ni hatari kwa koili ya spika. Boksi la chuma lazima lipate ethi, na fyuzi itangulie transfoma.

Ukishapiga hesabu ya fedha utaona aisii ni sehemu ndogo tu ya gharama. Transfoma, hitisinki na boksi ndivyo vinavyokula bajeti, na hivyo ndivyo vitakavyobaki. Vinunue vizuri sasa. Ukiipata hamu ya kujaribu klasi AB ya transista baadaye, utabadilisha bodi peke yake.