Mazungumzo ya 11: Kidonda Kilichoingia Ndani na Ngozi ya Kukifunika

(Muziki wa kufungulia, kisha sauti ipungue.)

Popote ulipo, Rhamu mjini, kando ya mto Daua au malishoni pamoja na mifugo, sogea karibu na redio. Mwite pia baba wa watoto, na nyanya kama yupo, kwa maana uamuzi tutakaouzungumzia leo mara nyingi haufanywi na mama peke yake.

Tuchukue mfano. Birika la chai liko juu ya mafiga. Mtoto wa miaka miwili anapita mbio, analivuta, na chai inammwagikia kifuani na mkononi. Wiki mbili baadaye kidonda bado kiko wazi. Hospitalini mama anaambiwa: mtoto anahitaji kupandikizwa ngozi. Mama anashtuka. Ngozi hiyo itatoka wapi? Ni ya nani? Je, kidonda hakiwezi kupona chenyewe?

Hayo ni maswali mazuri. Tuyajibu moja moja.

Kwa nini kidonda kingine hakijifuniki?

Ngozi yetu ina tabaka mbili. Ya juu ni nyembamba. Ya chini ni nene, na ndiyo yenye mishipa ya damu, tezi za jasho na mizizi ya nywele. Moto ukiunguza tabaka ya juu na sehemu tu ya tabaka ya chini, mbegu za ngozi hubaki salama ndani ya mizizi ya nywele. Ngozi mpya huota kutoka chini, na kidonda hupona kwa wiki mbili hadi tatu.

Lakini moto ukila tabaka zote mbili, mbegu hizo nazo zimeungua. Ngozi itaota kutoka ukingoni tu, polepole sana. Wakati huo wote mwili unapoteza maji, vijidudu vinaingia, na kidonda kinajivuta. Ndiyo maana utamwona mtoto aliyeungua zamani kiwiko chake hakinyooki, au kidevu kimeshikana na kifua.

Mama, sikiliza hapa vizuri. Kidonda kilichoingia ndani huenda kisiume sana, kwa kuwa mishipa ya fahamu imeungua. Huonekana cheupe, cha kahawia au cheusi, tena kikavu kama ngozi iliyokaushwa. Mtoto akinyamaza usidhani amepona. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ngozi ya kufunika hutoka wapi?

Tufikirie herio. Kwanza unakunja fimbo na kusimamisha kiunzi, kisha unatandika mikeka juu. Kidonda kirefu nacho kinahitaji kiunzi cha chini na kifuniko cha juu. Madaktari wana njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni ngozi ya mtoto mwenyewe. Daktari wa upasuaji humlaza mtoto usingizi, kisha hukwangua tabaka nyembamba sana, mara nyingi pajani, na kuitandika juu ya kidonda kilichosafishwa. Paja huota ngozi yake tena kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa sababu mbegu zimebaki. Hii ndiyo njia inayotumika zaidi katika hospitali zetu.

Njia ya pili ni ngozi ya mtu mwingine, au utando laini unaomzunguka mtoto tumboni mwa mama, ukishapimwa na kusafishwa. Akina mama wengi huuliza, "Kwa nini wasichukue ngozi yangu?" Ni upendo mkubwa, lakini mwili wa mtoto huitambua ngozi ya mwingine, hata ya mama yake, na baada ya wiki chache huikataa. Kwa hiyo kifuniko cha namna hii ni kama turubai la muda: huzuia maji yasipotee na hupunguza maumivu mpaka ngozi ya mtoto mwenyewe ipatikane.

Njia ya tatu ni ngozi mbadala ya kiwandani. Mwaka 1981 daktari John Burke na mwanasayansi Ioannis Yannas, wa Boston, Marekani, walitangaza kiunzi walichokitengeneza kwa kolajeni ya ng'ombe na gegedu ya papa, kikiwa na utando wa silikoni juu. Mishipa ya damu ya mgonjwa huingia ndani ya kiunzi hicho kwa muda wa wiki tatu hivi. Kisha silikoni huondolewa na ngozi nyembamba ya mgonjwa hutandikwa. Huko Fortaleza, nchini Brazili, madaktari wamefunika vidonda vya moto kwa ngozi ya samaki wa tilapia. Lakini hiyo imesafishwa maabara mpaka vijidudu vyote vimekufa. Tafadhali usichukue samaki wa Daua ukambandike mtoto!

Tuseme ukweli: ngozi za kiwandani ni ghali, na hazipatikani kila hospitali. Usikae nyumbani ukizisubiri. Kwa kidonda kilichokula tabaka zote na chenye upana, hata penye vifaa vyote, mwisho wa safari ni ngozi ya mtoto mwenyewe.

Je, ni halali?

Vifuniko vingine hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, vingine kwa ng'ombe au samaki. Ni haki yako kumwuliza daktari kabla ya kutia sahihi: "Hiki kimetengenezwa kwa nini? Kuna kingine?" Ukiwa na shaka, zungumza pia na sheikh wako. Lakini usimtoroshe mtoto wodini kwa hofu, kabla hujauliza.

Kazi yako nyumbani

Mtoto akiungua, mwondolee nguo na vito, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Mimina maji safi yasiyo ya barafu juu ya jeraha kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, tumia kitambaa safi kilicholowa na ukibadilishe mara kwa mara. Mwili uliobaki ufunike apate joto. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kikavu.

Usipake samli, dawa ya meno, yai, majivu wala kinyesi cha mnyama. Vitu hivi huleta vijidudu na humzuia daktari kuona kina cha kidonda. Usipasue malengelenge. Akiwa macho, endelea kumnyonyesha au kumpa maji ya kunywa njiani. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama sehemu moja kwa mia ya mwili wake. Jeraha likifika viganja kumi, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, au akiunguzwa na umeme, hiyo ni dharura. Anzia hospitali ya Rhamu. Wao ndio watakaoamua kama aende Mandera au mbali zaidi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, ina kitengo cha majeraha ya moto. Hakikisha pia familia yako imeandikishwa katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Usisubiri mpaka siku ya ajali.

Baada ya kupandikizwa

Siku tano za kwanza ngozi mpya inatafuta damu. Ikisogea, inakufa. Usifungue bendeji kutazama. Mpe mtoto maziwa, nyama, mayai na maharagwe, kwa sababu ngozi hujengwa kwa chakula. Baadaye mnyooshe viungo kila siku kama ulivyoelekezwa, hata akilia. Pakaa mafuta yasiyo na manukato, na umkinge na jua.

Tukumbuke haya matatu: maji dakika 20, kitambaa safi, hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana: Nyumbani kwenu mtoto akiungua hupakwa nini? Nani huamua apelekwe hospitali, na asipokuwepo, nani ataamua?

Mpaka mazungumzo yajayo, kwaheri, na uliweke birika mbali na mtoto.

(Muziki wa kufungia.)