Ujuzi bila cheti wawanyima vijana ajira

Kifungu cha 55 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba vijana wanapata elimu, mafunzo na ajira. Hata hivyo, kwa kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo, ahadi hiyo aghalabu imemfikia kwa sura ya kibarua.

Mpango wa Kazi kwa Vijana ulianza mwaka wa 2009. Vijana walilipwa kufyeka nyasi, kupanda miti na kukarabati barabara. Mnamo 2011 Benki ya Dunia iliondoa ufadhili wake baada ya maswali kuzuka kuhusu matumizi ya fedha. Kisha mwaka wa 2020, janga la Covid-19 lilipoingia nchini, ikaja Kazi Mtaani. Katika awamu ya pili, vijana walisafisha mitaa na kuzibua mitaro kwa Sh455 kwa siku. Fedha hizo ziliwalisha wengi katika kipindi kigumu, na si haki kuzibeza. Lakini bajeti ilipokwisha, kijana alirudi alikokuwa, bila hata karatasi ya kumwonyesha mwajiri.

Karatasi hiyo si jambo dogo. Katika gereji na vibanda vya jua kali, kama vile vya Kamukunji jijini Nairobi, mwanagenzi hujifunza kwa kumtazama na kumsaidia fundi. Baada ya miaka kadhaa anaweza kuchomelea geti barabara, ila kampuni ya ujenzi itamwomba cheti kwanza.

Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) husimamia mitihani ya ufundi, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kuifanya. Waajiri nao hutozwa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi ili kugharimia mafunzo. Ajabu ni kwamba hazina hiyo huwarudishia gharama waajiri wanaoichangia. Mwanagenzi wa kibandani, ambaye hajaandikwa katika orodha ya mwajiri yeyote, hubaki nje.

Mradi wa KYEOP, ulioanza mwaka wa 2016 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ulijaribu kuziba pengo hilo. Vijana wasio na kazi, ambao elimu yao haikuzidi kidato cha nne, waliwekwa chini ya mafundi stadi, wakapewa posho, kisha wakatahiniwa. Aidha, sera ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ilizinduliwa mwaka wa 2024, ili fundi apimwe kwa anachokijua, si kwa shule aliyosomea.

Kupimwa huko nako kuna gharama. Kijana wa gereji anahitaji ada, nauli na ruhusa ya kukosa kazini, ilhali yeye hulipwa kwa siku, na siku asiyofika hapati chochote.