Mtihani wa Kijapani: juma la mwisho si la kukariri herufi mpya

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Desemba, watu wa nchi nyingi wanaingia darasani siku moja kufanya mtihani unaoitwa Nihongo Noryoku Shiken, ule wengi wanajua kwa kifupi JLPT. Unapima Kijapani cha mtu ambaye hakuzaliwa nacho. Kuna miji inayoufanya pia Jumapili ya kwanza ya Julai, lakini si yote. Kwa hiyo mwenye kuanguka, ao mwenye kufika dakika chache nyuma ya wakati, anaweza kungoja mwaka mzima.

Kwa kijana wa Bunia, Butembo ao Bukavu anayejifunza lugha hii kwa simu, usiku wakati intaneti iko bei nafuu, kungoja mwaka si kitu kidogo. Kuna pesa ya kujiandikisha, kuna pesa ya njia. Nairobi ni mmoja wa miji ya Afrika ambako mtihani huu unafanyika, na ndio unafikika kwa basi. Kujiandikisha kunafungwa miezi kabla ya siku yenyewe. Anayesoma habari hii akiwa tayari na karatasi yake ya mwito mkononi, kazi yake sasa ni ingine: asipoteze kile alichokwisha kulipia.

Mtihani ulianza mwaka wa 1984. Tangu 2010 uko na ngazi tano, kutoka N5, iliyo nyepesi, mpaka N1. Tangu mwaka huo pia, waandaaji hawatoi tena orodha rasmi ya maneno na herufi za kila ngazi. Zile orodha zinazozunguka katika simu za wanafunzi ni makisio ya walimu na ya wachapishaji wa vitabu. Zinasaidia, lakini mtu asikose usingizi juu ya herufi thelathini ambazo hazijaingia kichwani siku nne kabla.

Kitu kinachoangusha watu wengine wenye kujua ni namna alama zinavyohesabiwa. Alama zote ni 180. Katika N5, kupita kunadai 80. Inaonekana rahisi. Lakini kusikiliza kuko na alama zake 60, na hapo lazima mtu apate angalau 19. Maneno, sarufi na kusoma vinahesabiwa pamoja kwa 120, na hapo lazima 38. Mwanafunzi anaweza kupata 100 katika kusoma, apate 18 katika kusikiliza, jumla 118, na bado ameanguka. Hakuna huruma ya alama moja. Ngazi za N3, N2 na N1 ziko na sehemu tatu za alama 60, na kila moja inadai 19.

Ndiyo maana siku za mwisho ni za masikio. Mwenye kujifunza peke yake kwa kawaida anasoma zaidi kuliko anavyosikiliza, maana kusoma hakumalizi mega. Katika chumba cha mtihani sauti inapigwa mara moja tu. Swali linapita, lingine linakuja. Kuna aina ya swali ambayo hakuna picha wala maandiko kwenye karatasi: mtu anasema neno fupi, kiisha yanafuata majibu matatu ya kusikia, na mwanafunzi anachagua. Anayebaki anafikiri swali la tatu atapoteza la nne na la tano. Afadhali kutia alama popote na kuendelea, juu jibu baya halikati alama.

Hapa Mswahili yuko na bahati na mtego pamoja. Bahati ni kwamba Kijapani kiko na vokali tano zilezile, a, e, i, o, u, na maneno yake mengi yanaishia kwa vokali. Mtego ni urefu. Obasan ni shangazi, obaasan ni nyanya. Sisi tunaelewa jambo hilo, maana kata si kataa. Ila kwa Kijapani urefu huo unapita haraka sana, na konsonanti nayo inaweza kurefushwa: kite ni “njoo”, kitte ni tembre ya barua. Tarehe ndizo mbaya zaidi. Yokka ni tarehe nne, yooka ni tarehe nane. Ichi ni moja, shichi ni saba. Maswali ya ngazi ya chini yanapenda saa, tarehe na bei, kwa hiyo nusu saa ya kusikiliza namba kila siku inazaa kuliko saa tatu za kukariri.

Vifaa vya kweli viko bure. Waandaaji wenyewe waliweka kwenye ukurasa wao vitabu vya mazoezi, cha 2012 na cha 2018, pamoja na sauti zake. Kupakua sauti kunakula mega, basi wanaosoma kikundi wanaweza kuchanga, mmoja apakue, wengine wapokee kwa bluetooth. Kiisha zoezi moja lifanywe kwa saa kamili, bila kusimamisha sauti, bila kamusi. Kwa N5 ni dakika 20 za maneno, 40 za sarufi na kusoma, na 30 hivi za kusikiliza. Mtu akiona dakika 40 zinaisha kabla hajagusa maandiko ya mwisho, afadhali aone hivyo nyumbani.

Halafu kuna karatasi. Mkongomani kwa kawaida yuko na jina, post-nom na prénom, na kila ofisi inayapanga kwa namna yake. Kadi ya uchaguzi inasema hivi, pasipoti inasema vile. Jina lililo kwenye karatasi ya mwito linapaswa kufanana na lile la kitambulisho atakachoonyesha mlangoni, na ndilo litakaloandikwa kwenye cheti. Kama kuna kosa, ni ya kuandikia kituo cha mtihani mapema, si ya kujadili asubuhi ya Jumapili. Ni vizuri pia kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa mpakani.

Juu ya njia, anayepita Kasindi atavuka Uganda nzima mpaka Kampala, kiisha aingie Kenya. Barabara zetu tunazijua: leo inapitika, kesho hapana. Kupanga kufika Jumamosi jioni ni kucheza. Ijumaa ni afadhali, na Jumamosi ibaki ya kwenda kuona jengo lenyewe kwa macho.

Na saa! Kivu na Ituri ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Simu inajigeuza yenyewe, lakini simu itazimwa mlangoni. Saa ya mkono haijigeuzi. Ikiachwa kwenye saa ya Bunia, mwenyewe ataona bado iko saa moja na nusu asubuhi, kumbe wenzake wako saa mbili na nusu. Na katika mtihani huu, sauti ya kusikiliza ikishaanza, mlango haufunguliwi tena. Aliyekosa sehemu moja anahesabiwa ameanguka mtihani wote, hata kama zingine alifanya vizuri.

Saa yenyewe iwe ya kawaida, si zile zinazoongea na simu. Simu ikilia ndani, hata kengele ya kuamsha tu, mwenyewe anaonyeshwa kadi nyekundu sawa na mchezaji wa mpira, na anatoka. Afadhali kuizima kabisa na kuondoa kengele tangu usiku. Kreyo ziwe mbili ao tatu za HB, pamoja na gome nzuri, maana majibu yote ni kujaza viduara na bik haitumiki.

Neno moja juu ya wanaouza ndoto. Mtihani huu haupimi kuongea wala kuandika, na cheti chake si viza. Viza ya kazi ambayo Japani ilianzisha mwaka wa 2019 kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalum inadai lugha ya ngazi ya N4 ao mtihani mwingine unaolingana, lakini inadai pia mtihani wa kazi yenyewe na mwajiri. Programu ya masomo ya ABE Initiative, kwa vijana wa Afrika, inafundishwa kwa Kiingereza. Mtu akija kusema “lete dola, ukipata N5 unapanda ndege”, huyo anatafuta dola.

Matokeo ya Desemba hutoka kwenye intaneti karibu na mwisho wa Januari. Kuyaona kunadai namba ya usajili na neno la siri ambalo mtu alichagua siku ya kujiandikisha. Liandikwe mahali, kwenye karatasi, juu simu inaweza kuibiwa njiani.