Jeraha Linalofichwa Tarime na Serengeti

Ifikapo Desemba, hasa ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, barabara za Tarime na Serengeti hujaa ngoma. Msichana aliyetoka kukeketwa na ngariba husindikizwa hadi nyumbani amevishwa khanga na kufunguliwa mwavuli, ndugu wakimtuza fedha. Chini ya khanga hizo kuna jeraha bichi, na likianza kutunga usaha, muuguzi wa zahanati huwa mtu wa mwisho kuambiwa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamfunga mlezi anayemkeketa au kumkeketesha msichana wa chini ya miaka 18, kuanzia miaka 5 hadi 15. Kwa hiyo mama humleta mwanawe usiku, damu imeshamwagika sana, akidai kaanguka. Sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini muuguzi akianza kwa kufoka, familia itamrudisha mtoto nyumbani, na huko hakuna wa kumwongezea damu.

Muuguzi anayewajua Wakurya wa Tarime na Serengeti humwamkia mama kwanza, huvuta pazia, kisha humwuliza msichana mwenyewe: “Pole mwanangu. Mkojo unatoka?” Mkojo ukigusa jeraha huchoma vibaya, naye huubana mpaka kibofu kinavimba. Akijimwagia maji safi ya uvuguvugu anapokojoa, hupata nafuu. Jeraha linalotoa damu hukandamizwa kwa gozi safi bila kuachia kila mara. Akilegea, apelekwe haraka hospitali ya wilaya. Kisha huja kusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda. Bibi aliyepaka majani aulizwe kwa heshima alipaka nini, maana anayeona anadharauliwa hatasema, na uchafu utabaki ndani.

Kwa anayekimbia kabla ya kukeketwa, swali ni wapi atalala. Wasichana hao hupokewa katika kituo cha Masanga, Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Mara, mkoa wenye wilaya za Tarime na Serengeti, wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kitaifa ni asilimia 8. Baadhi ya waliokeketwa sasa tunaishi nao huku ughaibuni. Mkunga wa Ulaya aliyezoea kuona wanawake walioshonwa anaweza asilione kovu la Mkurya, kwa kuwa kwa Wakurya kawaida ni kukata bila kushona. Kovu hilo likiwa gumu huweza kuchanika wakati wa kujifungua.

Ngozi yetu nayo inahitaji jicho lililofundishwa. Vitabu vingi humwambia muuguzi atafute wekundu kama dalili ya jeraha kuambukizwa, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha. Apapase kwa mgongo wa mkono kutafuta joto, na kwa vidole kutafuta ugumu na uvimbe, alinganishe na upande wa pili, na akuamini ukisema panauma. Kama makovu yako huota na kuvimba, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote.

Uingereza na Wales, tangu Oktoba 31, 2015, muuguzi anayegundua kuwa msichana wa chini ya miaka 18 amekeketwa lazima awaarifu polisi. Wajibu huo haumhusu mwanamke mtu mzima. Dada uliyekeketwa utotoni, mweleze mkunga wako tangu kliniki ya kwanza, hata kama atauliza pia kuhusu binti zako, ili kovu likaguliwe mapema na mpange pamoja namna ya kujifungua.