Pipi za Maziwa Zisizopikwa: Pastillas za Ufilipino

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unafifia.)

Leo tuache kidogo habari za mbolea na mbegu, tuingie jikoni. Lakini jiko lenyewe leo halina moto. Tafadhali mtume mtoto alete kalamu na karatasi, maana kuna vipimo vya kuandika, nami nitasema polepole.

Tutazungumza juu ya pipi za maziwa ziitwazo pastillas de leche. Jina hilo ni la Kihispania, maana yake ni vidonge vya maziwa. Zinatoka katika nchi ya Ufilipino, ambayo ilitawaliwa na Wahispania kuanzia mwaka 1565 hadi mwaka 1898. Kwa ndugu zetu wa pwani wanaojua labania, jambo hili halitakuwa geni sana: ni maziwa na sukari, kinywani laini, na ukila kimoja mkono unarudi sahanini wenyewe.

Mji unaosifika kwa pipi hizi ni San Miguel, katika jimbo la Bulacan, kaskazini ya Manila. Huko mkulima wa mpunga ana nyati wa kufugwa aitwaye carabao. Ndiye trekta lake katika majaruba, na ndiye anayempa maziwa. Si maziwa mengi. Nyati wa kienyeji aghalabu hutoa lita 1 au 2 tu kwa siku. Lakini ni mazito. Mafuta yake hufika sehemu 7 au 8 katika kila 100, wakati ya ng'ombe aghalabu ni sehemu 3 na nusu hadi 4. Maziwa mazito hivyo, machache hivyo, na nchi ya joto: yakilala yanaharibika. Basi wenyeji wakayatia sukari, wakayachemsha polepole huku wakikoroga bila kupumzika, mpaka yakawa donge. Wakaparia ngozi ya ndimu kidogo ili yanukie, wakakata vipande na kuvifunga katika karatasi. Maziwa ya siku moja yakawa chakula cha siku kadhaa, na mara nyingine yakawa fedha.

Hiyo ndiyo pastillas ya asili, na hiyo inapikwa. Sasa nyumba za mjini, zisizo na nyati wala nafasi ya kusimama jikoni muda mrefu, zikapata njia ya mkato. Wakachukua maziwa ambayo kiwanda kimekwisha kuyatoa maji, yaani maziwa ya unga na maziwa mazito matamu ya kopo, wakayakanda pamoja. Hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna sufuria ya kuungua. Njia hii ndiyo tunayojifunza leo.

Mahitaji, andikeni. Moja: kopo 1 la maziwa mazito matamu, lile la gramu 390 hivi. Angalia maandishi ya kopo: yawe yale yenye sukari, si maziwa ya maji ya chai. Mbili: maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta, vikombe 2 na nusu, yaani kama robo kilo au zaidi kidogo. Tatu: sukari laini, nusu kikombe, ya kuviringishia. Nne: karatasi safi ya kufungia. Basi, ni hayo tu.

Vyombo ni bakuli pana, chekeche, mwiko, kisu na sinia. Vyote vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha vikaushwe. Narudia: vikaushwe kabisa, vianikwe juani mpaka pasionekane tone. Sababu yake nitaieleza mbele, na nitaieleza kwa aibu.

Sasa kazi. Chekecha maziwa ya unga ndani ya bakuli, uweke kando nusu kikombe kwa akiba. Mimina maziwa ya kopo kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko. Mwanzoni itakuwa kama uji mzito, halafu itaanza kukataa mwiko. Hapo nawa mikono tena, ikaushe, ukande kama unavyokanda chapati. Likinata mikononi, ongeza unga wa akiba. Likipasuka pasuka, ongeza matone ya maziwa ya kopo. Maji usiongeze, hata kijiko kimoja.

Lifunike donge, ulipumzishe dakika 20. Unga wa maziwa unakunywa maji polepole. Ukikata mapema pipi zitakuwa na chengachenga. Kisha viringisha vijiti vyenye unene wa kidole kidogo, kata vipande vya urefu wa sentimita 4, uvigaragaze katika sukari. Vipange katika sinia chini ya chandarua au kitambaa chepesi muda wa saa moja, vikauke juu, halafu vifunge. Kopo moja litakupa vipande karibu 50.

Je, mama, umeandika? Haya, tuje kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikionyesha kikundi kimoja cha akina mama kijijini namna ya kutengeneza pipi hizi. Nilikuwa na haraka. Beseni lilioshwa, nikaliona linang'aa, nikalikung'uta tu na kuanza kazi. Pipi zilitoka nzuri, akina mama wakapiga makofi. Wakaziuza kwa watoto karibu na shule. Siku ya tano mwenyekiti wao akaja ofisini kwangu na kifurushi. Akakifungua mezani bila kusema neno. Zilikuwa na madoa ya ukungu. Wakarudisha fedha za watu, na wengine wakasema mambo ya Bwana Shamba ni ya kwenye karatasi. Kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu.

Ndugu wasikilizaji, katika mapishi ya kawaida moto unatusamehe mengi. Mkono usiooshwa vizuri, mwiko wenye majimaji, yote yanapita motoni na wadudu wengi wanakufa. Katika pipi hizi hakuna moto wa kutusamehe. Kinachozilinda ni mambo mawili tu: uchache wa maji na wingi wa sukari. Sukari hushika maji yaliyomo, vijidudu na ukungu visipate ya kunywa. Ukitia tone, umewachotea maji. Kwa hiyo kutopika si kufanya kazi kidogo. Kazi ya moto imehamia mikononi mwako, katika usafi na ukavu.

Baada ya kipindi kilichopita, mama mmoja aliniuliza: "Bwana Shamba, mimi nina ng'ombe. Kwa nini ninunue maziwa ya kopo? Si nitie haya niliyokamua leo asubuhi?" Swali zuri sana. Jibu ni hapana, kwa njia hii usitie kamwe. Kwanza, maziwa yaliyokamuliwa ni maji kwa sehemu 87 hivi katika kila 100. Donge halitashika, na likishika litachacha. Pili, na hili ni kubwa zaidi, maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na pia ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya viungo kwa muda mrefu. Maziwa ya kopo na ya unga yamekwisha kupashwa moto kiwandani. Ya zizini hayajaona moto.

Mama mwenye ng'ombe, njia yako ni ile ya San Miguel: pika. Lita 1 ya maziwa, sukari robo kilo au pungufu, sufuria pana, moto mdogo. Yachemke, ukoroge mfululizo mpaka donge liache kushika chini ya sufuria. Kisha lipoe, ukate na kufunga. Inachukua muda na kuni, lakini maziwa ni yako, nayo yamepita motoni.

Hapa ndipo kwenye hesabu. Ufilipino yenyewe hununua sehemu kubwa ya maziwa yake kutoka nchi za nje. Mwaka 1992 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuanzisha kituo cha taifa cha nyati wa kufugwa, kwa shabaha ya kuboresha mifugo hiyo na kuongeza maziwa na kipato cha wakulima wadogo. Pipi iliyokandwa kwa maziwa ya dukani ni tamu, lakini sehemu nzuri ya fedha yake inarudi dukani. Basi kabla ya kuuza, jumlisha bei ya kopo, maziwa ya unga, sukari na karatasi, ugawe kwa 50. Hapo umepata gharama ya kipande kimoja. Usisahau kuhesabu vilivyovunjika na vilivyoliwa na watoto wa nyumbani, maana hivyo havikosekani. Kama jirani hawezi kununua juu ya gharama hiyo, tengeneza za sikukuu na wageni, usifanye biashara. Na kama masika maziwa yako yanakosa mnunuzi, pika yako mwenyewe kabla hujakimbilia kopo.

Habari ya kufunga nisiipite. Huko Bulacan akina mama hukata karatasi laini za rangi kwa mkasi mdogo, wakatoa maua, nyumba za kienyeji na hata maneno, na karatasi huachwa na mkia mrefu wa kupamba meza ya sherehe. Kazi hiyo huitwa pabalat, na yuko mnunuzi anayevutwa na karatasi kabla hajaonja pipi. Sisi tuanze na karatasi safi nyeupe. Usifungie gazeti wala karatasi ya daftari. Wino haufai kuliwa. Andika tarehe juu ya boksi. Mahali penye joto, pipi hizi zisizopikwa zisipite wiki moja. Kwenye friji zitakaa zaidi kidogo, zikiwa katika chombo kilichofungwa.

Mwisho, watoto. Hiki ni kitu cha kuonja, si chakula cha kumkuzia mtoto. Sukari ni nyingi. Mtoto ale kimoja au viwili, apige mswaki. Mtoto mchanga asipewe kabisa.

Tukariri. Vyombo vikavu. Maji usitie. Maziwa mabichi usitie. Donge lipumzike dakika 20. Andika tarehe. Na piga hesabu kabla ya kuuza.

Kile kikundi changu kilinipa nafasi ya pili. Safari ile beseni lilikaa juani asubuhi nzima, na mwenyekiti mwenyewe alipitisha kiganja ndani yake kabla ya kuniruhusu nimimine maziwa. Nasikia mpaka leo hufanya hivyo kwa kila anayejiunga.

Nawatakieni kazi njema na mikono mikavu. Tuonane juma lijalo, saa ile ile.

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)